Ruhusa ya Kumbatiza Mgeni

Darasa langu la ubatizo lina masomo kumi na mawili, na ukikosa moja unaanza upya. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, tena nikajisifu nayo mbele ya wazee wa kanisa, maana nilichoka na watu wanaokuja kulowa maji halafu huwaoni tena mpaka siku ya harusi.

Mchimba makaburi wetu alianza upya mara nne. Tulimwita Mgeni, ingawa alikuwa amekaa nasi miaka kumi na tisa. Kwao ni ng'ambo ya mpaka, kwa watu tuliopigana nao zamani, na jina likamganda. Kila alipokaribia kumaliza, mmoja wetu alifariki, na kaburi huchimbwa Jumamosi asubuhi, saa ileile ya darasa. Alikuja tumeshafunga, magoti yamejaa udongo, akasimama mlangoni.

"Nisamehe mwalimu, leo nilikuwa namchimbia mama mkwe wako."

Ni kweli. Mazishi yalikuwa saa tisa, na mimi kwa ukaidi wangu nikafundisha asubuhi yote. Nikampigia mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio hata hivyo. Nikikumbuka, naona aibu hadi leo.

Kwa hiyo somo la kwanza alilisikia mara tano. Linasema wokovu umetolewa kwa mataifa yote. Mara ya tano aliinua mkono.

"Yote, mwalimu? Hata letu?"

Darasa likacheka, nami nikacheka nao.

Mwaka huu mapafu yakamwangusha. Alhamisi mchana mkewe aliniita kwenye chumba chao nyuma ya gereji. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali, dirisha limezibwa kwa kadibodi, na nyundo za gereji zikigonga ukutani bila kupumzika. Mgeni alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Mwalimu," alisema, akivuta pumzi kwa kila neno, "masomo siyamalizi. Nibatize."

Kikombe cha maji kilikuwa pale kwenye stuli, karibu na mkono wangu. Somo la kumi linasema wazi: mtu akiwa mahututi, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza, kwa maji yoyote, bila kumwomba mtu ruhusa. Nimelifundisha miaka ishirini na miwili, na wanafunzi wakilikosea nawagombeza.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza nikamwulize mwenyekiti wa wazee."

Niliogopa. Ningependa kusema nilimwogopa Mungu, lakini niliwaogopa wazee. Niliwaona wameshakaa kikao: nani alikuruhusu, huyu wa ng'ambo masomo hakumaliza, na kesho mkewe atataka azikwe ndani ya uzio wa kanisa pamoja na baba zetu. Mgeni alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amezoea kungoja.

Mwenyekiti wetu ni fundi cherehani. Nilimkuta anapinda suruali ya sare, pini zimejaa mdomoni, nikalazimika kusubiri azitoe moja moja. Nilipomweleza alinikazia macho kama mtu anayetaniwa.

"Sasa mwalimu, hilo umekuja kuniuliza mimi? Si wewe unayewafundisha watu? Rudi haraka bwana, kambatize."

Nikakimbia, mzee mzima, viatu mkononi, watu wa sokoni wakinipisha na kuulizana kuna nini. Kwenda na kurudi hakukufika dakika arobaini.

Nyundo za gereji zilikuwa zimenyamaza. Mafundi wamesimama uani, mikono michafu. Ndani, mkewe alikuwa ameshamfunga kidevu kwa kitambaa na sasa anamnyoosha vidole, kimoja kimoja. Kikombe kilikuwa palepale kwenye stuli, hakijapungua.

"Wamesemaje, shemeji?" aliniuliza bila kugeuka.

"Wamekubali."

Alimaliza mkono mmoja, akauweka kifuani kwa marehemu, akachukua wa pili.

"Kila nyayo zilipopita nje alikuwa akiuliza kama ni wewe," alisema. "Mwishoni akaniambia nisitume mtu kukufuata. Alisema pengine wamekataa, na wewe unaona haya kuja kumwambia."