Bahasha ya Swali la Kisima

Nasike alikuwa karani wa vikao katika baraza moja la madiwani lililokuwa likikutana Kajiado. Kazi yake ilikuwa kupanga ratiba: hoja gani ijadiliwe lini, swali la nani lijibiwe kwanza. Kufikia mwaka wa 1998 alikuwa ameifanya miaka sita, na hakuna diwani aliyewahi kulalamika kwamba amempotezea karatasi.

Utaratibu ulikuwa mmoja. Diwani akiuliza swali, Nasike hulipeleka kwa idara inayohusika. Idara huleta jibu katika bahasha iliyofungwa, na bahasha haifunguliwi mpaka swali lifikiwe kikaoni, ili madiwani wote walisikie pamoja.

Mwezi wa Aprili, Mheshimiwa Simel, diwani mpole wa makamo, aliuliza kama maji ya kisima kimoja cha Kitengela yalikuwa salama. Jibu lilikuja mwezi huohuo, Nasike akalifungia kabatini. Kikao cha Mei kikaliwa chote na mabishano ya vibanda vya soko. Juni kulikuwa na wageni. Julai madiwani hawakutosha.

Kila mara Simel alipita mezani kwake. "Karani, swali langu?"

"Mwezi ujao, Mheshimiwa. Nimeliweka nambari tatu."

"Sawa. Lakini watu wanakunywa," alisema, akaenda zake.

Agosti swali likawa la kwanza. Mwenyekiti akaagiza, Nasike akakata bahasha, akasimama kusoma kwa sauti yake ya kila siku.

"Sampuli zilizochukuliwa Aprili zinaonyesha kwamba maji machafu ya machinjio yameingia kisimani. Yana vijidudu vya homa ya matumbo. Kisima kifungwe mara tu baraza litakapopata barua hii…"

Sauti ikakatika. Nyumba aliyokodi ilikuwa hatua hamsini kutoka kisima hicho. Mei, mumewe Elphas alilazwa wiki mbili, daktari akasema ni typhoid, nao wakalaumu nyama aliyokula stendi. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amewapa mwanawe Morgan na wadogo zake maji yale wanywe.

"Endelea, Karani," Mwenyekiti alisema.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, barua ni ya tarehe ishirini na nane Aprili."

Simel alivua kofia, akaishika magotini.

"Hiyo miezi yote ilikuwa wapi?" diwani mmoja akauliza.

"Kwangu. Kwenye kabati."

Mwenyekiti alipangusa uso. "Basi tuipeleke kwa kamati ya afya. Wanakutana wiki ijayo."

Nasike alimtazama asiamini. Wiki ijayo! Aliiweka barua mezani, akatoka nje kikao kikiendelea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwenye simu ya ofisini alikosea nambari mara mbili. Mwishowe akampata Kivuva, mwenye duka karibu na kisima, aliyekuwa akitunza ufunguo wa pampu.

"Kivuva, funga maji. Sasa hivi."

"Kuna foleni ya watu hapa, Mama Morgan. Nani amesema?"

"Baraza."

"Limeamua?"

"Limeamua. Waambie wamwage yaliyo kwenye mitungi."

Aliporudi ukumbini hakukaa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nimefunga kile kisima kwa jina la baraza. Kama nimekosea, nijadilini mimi."

Simel aliinua mkono kukubali. Mwingine akafuata, kisha mwingine. Mwenyekiti aliinua wake wa mwisho. Siku hiyo waliamua pia kwamba kuanzia hapo kila bahasha ifunguliwe siku inapofika. Wiki iliyofuata Nasike alipewa barua ya onyo kwa kutoka kikaoni bila ruhusa. Aliisaini bila kubisha.

Lakini jioni ile ya kikao alikuwa na safari ngumu zaidi: kubisha mlango wa pili. Jirani yake Mbithe alikuwa amemzika binti yake Katee mwezi wa Julai. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Watu walisema ni malaria.

Nasike alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Alitarajia kilio, au kofi.

"Hiyo barua," Mbithe aliuliza polepole, "ilikuwa imefungwa na nini?"

"Gundi."

"Gundi tu?"

"Gundi tu, Mama Katee."

Mbithe akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwisho wa mwezi Mbithe alihamia mtaa wa Embulbul. Nasike alitoka kwake lori likipakiwa, akashika upande mmoja wa godoro, wakalipandisha pamoja. Mbithe hakumkataza.