Mlango Uliorukwa

Nerea, afisa wa serikali, alipotumwa mtaa wa Mkomani huko pwani kuwatangazia vijana Mwaka wa Utumishi, alikuja na kipaza sauti na mabango. Maskini, hakuna aliyemwonya. Habari yenyewe ilikuwa njema: kijana aliyemaliza shule ataitumikia nchi mwaka mzima, alipwe kila mwezi, apelekwe popote penye shule, zahanati au msitu unaohitaji mikono. Ilisikika hadi sokoni. Siku ya mkutano wakaja watu wa kuhesabika, na mmoja wao alikuwa anatafuta punda wake.

Mkomani watu hawaitwi kwa kelele. Hata harusi iwe ya jirani mnayegusana ukuta, mwalikaji asipofika mlangoni kwako, huendi. Na akifika, huna njia ya kukosa. Nerea akaelekezwa kwa Bi Alawiya, mjane aliyealikia harusi za mtaa tangu ujana wake. Bi Alawiya alijua nani hasemi na nani, na nani aanze kupewa habari ili asinune. Alijua pia sharti kuu la kazi hiyo: usiiruke nyumba. Nyumba iliyorukwa imetukanwa.

Akavaa buibui, akaingia kazini. Aliketi na akina mama kumbini mwao, akanywa kahawa yao, akawaeleza kwamba msichana atakayerudi na ujuzi na akiba yake hataozwa kwa kukosa la kufanya. Alisema vizuri hadi mwenyewe akaamini. Bi Nadra, jirani asiyemruhusu bintiye Fairuz kufika hata ufukweni, alilia, kisha akakubali.

Jioni Bi Alawiya alipofika nyumbani, alimkuta Raihana, mwanawe wa pekee aliyekwisha maliza shule, amekaa tu, hata chai hajaandaa.

"Mama, umebisha milango yote. Wetu umeuruka."

Bi Alawiya akasema nyumba ya mwalikaji haialikwi. Raihana akamkumbusha kwamba katika kila harusi mama humwambia naye avae. Ilikuwa kweli tupu, nayo ikamchoma. Bi Alawiya akaenda jikoni, akajifanya anatafuta chumvi. Aliogopa, basi. Tangu mumewe afariki, nyumba ile ilikuwa na sauti mbili. Moja ikienda bara mwaka mzima, atazungumza na nani?

Mtaa ule hauna siri. Asubuhi Bi Nadra aliingia, akakataa kiti.

"Mkuki kwa nguruwe, Bi Alawiya. Wangu ende nti asoiyua, wako abaki akupikie?"

Akasema Fairuz haendi tena, na akina mama wengine wanasema vivyo hivyo.

Bi Alawiya angeweza kumjibu. Ulimi wake haukuwa mfupi. Kazi ya Nerea haikumuuma, wala jina lake mtaani. Kilichomuuma ni Raihana, aliyesimama pembeni kichwa chini, tayari kutii. Angetii bila neno. Angekaa pale akipika na kufua, azeeke kwa adabu, na mama yake angemwita binti mwema.

Bi Alawiya akavaa buibui mbele ya Bi Nadra, akatoka nje, akauvuta mlango wake mwenyewe ukafungwa. Kisha akabisha hodi.

Raihana akafungua.

"Raihana binti Shuaib, nimekuya kukwalika," alisema mama yake. "Nti yakwita mwaka moya. Usikose."

Furaha ilikuwa imeshamjaa msichana usoni, na aliionea haya.

"Na wewe, mama, utakaa na nani?"

"Mwalikwa haulizi hilo," alisema Bi Alawiya. Alikuwa analia waziwazi, mbele ya Bi Nadra, mbele ya wapita njia. "Mwalikwa huvaa akenda."

Raihana akakimbilia ndani kutafuta begi. Bi Alawiya akabaki pale kizingitini, hajui aingie au aende kualika upya nyumba inayofuata.