Kochi la Wageni

Leo asubuhi nilikuwa nafua soksi za shule kwenye sinki la jikoni, nikamsikia dalali anapanda ngazi. Viatu vyake tunavijua, vinagonga kama vinadai kodi. Mama alikuwa kwenye cherehani na pini mdomoni. Akazitema mkononi, akaniambia, "Funga bomba. Leo tunaambiwa."

Kuambiwa bei. Mwenye jengo letu alifariki, na watoto wake hawataki jengo, wanataka kugawana. Wamesema kila mpangaji auziwe kwanza pale anapoishi, kwa bei atakayoipanga mthamini. Ukishindwa kununua, wanauziwa wengine, na hao wengine wapo. Wanapita chini mwisho wa wiki wakipiga picha madirisha yetu na nguo zetu zilizoanikwa.

Huku ni katikati ya mji kabisa. Nyumba zimebanana mpaka jirani wa ng'ambo akikaanga kitunguu, machozi yanakutoka wewe. Sisi tuna vyumba viwili, na jiko ambalo watu wawili wakiingia, mmoja lazima awe njiani kutoka. Lakini shule naenda kwa miguu, soko kwa miguu, na wateja wote wa Mama wako umbali wa kuitwa dirishani. Tukihamia pembeni ya mji, cherehani tutaibeba. Wateja hatuwabebi.

Kwa hiyo tulitaka kununua. Mama na wajomba zangu walishakubaliana kuchangishana, ikabaki tu kujua bei.

Mthamini alikuja wiki iliyopita, na hapo ndipo tulipojipalia makaa wenyewe.

Jengo letu lina mambo yake. Hakuna nyumba yenye kila kitu kizuri, ila kila nyumba ina kitu kimoja kizuri, na hicho kinatembea. Mama ana seti ya vikombe vya maua. Bibi wa chini ana zulia. Mama Mdogo ana kochi la bluu. Huyu Mama Mdogo si ndugu wa damu, ni jirani tunayepakana naye ukuta, msusi, lakini yeye na Mama wanaitana dada tangu sijazaliwa. Karibu mabinti wote wa jengo hili wameposwa kwenye kochi lake. Akija mchumba na wazazi wake, wanaume wawili wanalibeba, linapita koridoni kwa ubavu, mgeni analikalia, akiondoka linarudi kwa mwenyewe. Kuna mzee mmoja alilikalia kwenye nyumba tatu tofauti na akalisifu mara zote tatu.

Sasa Mama aliposikia mtu wa ofisini anakuja, akasema, "Mgeni wa maana haingii kwenye nyumba ya ovyo." Akaenda kuomba. Kochi tukaliweka kwenye ukuta ulioota ukungu. Zulia likafunika vigae vilivyovunjika. Mapazia ya Mama Mdogo, mazito, yakaziba ufa ulioanzia dirishani. Mimi nikafuta kila kitu mpaka vidole vikakunjamana. Nyumba ikapendeza, jamani. Nilikaa kwenye kochi nikajiona kama nimekuja kututembelea.

Mthamini ni mwanaume mpole, ana kimashine cha kupimia kinachotupa doa jekundu ukutani. Mama akamfuata nyuma na chai kwenye kikombe cha maua.

"Hapa upepo unapita, baba, huhitaji hata feni."

"Naam."

"Na bomba hili lilikuwa linavuja, nimetafuta fundi mwenyewe. Sasa halitoi hata tone. Fungua uone."

Akafungua, akaona, akaandika.

"Majirani watu wazuri, hakuna kelele. Na dari hiyo nimeipaka rangi mwenyewe."

"Mmeitunza sana, mama," mthamini akasema, na Mama akainama kidogo kama amepewa zawadi.

Katikati ya hayo sukari ikaisha. Nikatumwa kwa Mama Mdogo. Niliingia bila hodi kama siku zote, nikakuta chumba kitupu. Bila kochi na mapazia, nyufa zao zote zilikuwa nje. Katikati ya sakafu kulikuwa na ndoo, ina maji kidogo chini, imewekwa kama inakinga kitu. Mvua haikuwepo, na juu yao hakuna paa, kuna watu wanaishi. Nikadhani anataka kufua. Binti yake, rafiki yangu, tunamwita Chiriku kwa sababu anaongea mpaka na televisheni, alikuwa amekaa sakafuni anasoma kitabu. Sikumbuki lini nilimwona Chiriku anasoma kitabu. Hakuniangalia. Nikachukua sukari nikaondoka.

Leo dalali alisimama katikati ya korido akaanza kusoma bei mlango kwa mlango, watu wote wametoka. Ya Mama Mdogo ilikuwa ndogo mpaka mtu akapiga mluzi. Yetu ilikaribia kuwa mara mbili yake.

Mama akasema, "Umeruka mstari, kaka. Hiyo siyo yetu."

"Ni yenu, mama."

"Tumepakana ukuta na huyu! Vyumba vilevile, choo kilekile!"

"Ukubwa ni sawa. Hali siyo sawa." Dalali akaonyesha karatasi kwa kidole. "Kwake imeandikwa maji yanapenya darini, kuta zina nyufa. Kwako imeandikwa hali nzuri sana. Bomba halivuji hata tone. Hayo maneno ni yako, si ya mthamini."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, ila walicheka.

"Arudi aangalie tena."

"Ameshasaini. Halafu, mama, nikwambie ukweli, yako ina mteja tayari. Kaambiwa ndiyo nzuri kuliko zote humu."

Mama alikuwa anatakiwa kusema kitu kimoja tu: kochi si langu, zulia si langu, na nyuma ya kochi kuna ukungu. Aseme mbele ya korido nzima, mbele ya akina mama ambao mabinti zao waliolewa juu ya kochi lile. Bibi wa chini, mwenye zulia, akakohoa akaangalia ngazi. Mama akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Haya. Tumesikia." Mimi nilikuwa nyuma yake na soksi mkononi. Mimi hata darasani nikiulizwa jina langu sauti inajificha, sembuse koridoni.

Dalali alipoondoka, Mama akaenda moja kwa moja kwa Mama Mdogo. Nikamfuata. Tukamkuta anapanga vitana vyake kwenye kikapu.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba yule bwana anatafuta ubovu."

Mama Mdogo hakukataa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, hata kudanganya hakutaka. Akasema, "Kuna mteja wangu anafanya usafi kwenye ofisi yao. Aliniambia nikiwa nimemshika kichwa. Akasema mthamini akija, mwonyesheni kidonda."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia ungenyamaza? Wewe ukijua jambo asubuhi, mchana jengo zima linajua. Kila mlango ungetoa ndoo. Yule bwana ni mjinga? Angetupandishia bei wote."

"Basi ungeninyima kochi!"

"Ningekunyima, leo ungesema nina roho mbaya. Umekuja mwenyewe dada yangu, na wabebaji wako. Nikakupa. Nikakupa na mito yake."

Mama akashika fremu ya mlango. "Ulinitazama nalipitisha hapa hapa. Ukaniambia shikeni vizuri, msichubue mguu."

"Sasa si mngechubua?" Kisha akashusha sauti, kama mtu anayemshauri mgonjwa. "Mficha uchi hazai, dada. Ungemwonyesha tu. Lakini msiwaze sana. Wakiwatoa, chumba changu cha nyuma kipo. Sitawatoza kama watu baki."

Mama akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa meno tu. "Asante, mwenye nyumba," akasema. "Umesikia, binti? Msalimie mwenye nyumba."

Mama Mdogo alinitazama. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaniitikia, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

Chiriku hakuwepo, au alikuwepo chumba cha nyuma.

Mchana Mama alimpigia mjomba mkubwa simu, akaongea kwa ufupi, mwisho akawa anasema tu ndiyo, naelewa, ndiyo. Mchango wao usingefika nusu ya bei ile. Alipokata simu akavuta meza ya kushonea kutoka ukutani, akatazama ukungu. Umeshuka mpaka karibu na soketi.

"Mimi mama yangu alinifundisha mgeni haonyeshwi uchafu," akasema. "Unafagia, unafunika, unamkalisha pazuri. Nani alikuwa anafundisha watu kuonyesha?"

Akanigeukia.

"Ulipoenda kuchukua sukari uliona nini kule?"

Nikamwambia ndoo. Akaniambia kesho nisiende shule, tuna kazi. Tunaenda mwisho kabisa wa mji, kuna mteja wake wa zamani ana vyumba vya kupangisha, tukaone kama kuna umeme wa kuaminika wa cherehani. Nikamuuliza na shule yangu itakuwaje. Akasema hata kule zipo shule. Akarudi kwenye gauni alilokuwa analishona, akalipiga pasi, akalikunja vizuri, akaenda kulala bila kula.

Mimi kuongea siwezi, ila kuandika naweza. Nimechukua simu nikamwandikia Chiriku. Kwanza niliandika tusi, nikalifuta. Nikaandika kwamba mama yake ni mwizi, nikafuta pia, kwa sababu hakuiba, kochi tulilifuata wenyewe. Nikaandika kwamba nitamkosa. Hilo nimelifuta haraka kuliko yote.

Mwisho nimetuma hivi: "Siku ile ulipokuwa sakafuni unasoma, ulikuwa unajua?"

Tiki zimekuwa mbili, kisha za bluu. Juu pakaandikwa kwamba anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena, pakafutika.

Nimesubiri. Hajajibu.