Kisima Mlangoni kwa Chifu

Msiniambie habari za kisima. Kile kisima kimenikondesha mimi kuliko mwanamke yeyote hapa Rubongi.

Wazungu walituchimbia kimoja, cha pampu, kwa vijiji vitatu. Njia panda ndipo palipotufaa wote. Mume wangu, Chifu Oboth, akataka kiwekwe mlangoni kwake, kikawekwa. Ngoma zikapigwa, mafundi wakaondoka na mitambo yao, na kesho yake wanawake wa mbali wakaja kulalamika. Chifu hata hakuinuka kitini.

"Kazi imekwisha," akawaambia. "Asiyeridhika akinge mvua."

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Anakaa ng'ambo ya kinamasi, na mguu wake mmoja mbovu. Niliumia sana. Nikamnong'oneza, "Mama, wewe njoo tu kila asubuhi. Ukifika, pumzika."

Kwetu, nanyi mnajua, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ni aibu, mwanamume mzima atajitupa kichakani. Basi mama akaja na mtungi, akachota, akaketi. Chifu akabaki ndani. Baadaye mama wa mke mwenzangu, Akwi, naye akaja. Wazee wale, wakianza kuulizana habari za ng'ombe na wajukuu, hawamalizi leo. Jua likapanda, wenye kesi wakangoja barazani, na chifu anachungulia dirishani.

"Wanaondoka lini?" akaniuliza.

"Wamechoka, mzee. Njia ni ndefu."

Alipochoka yeye, alipanda baiskeli mpaka Tororo kumwomba Mzungu kisima kihamishiwe njia panda. Jioni akarudi mnyonge.

"Amesema kazi imekwisha," akanieleza. "Hata kitini hakuinuka."

Nilikwenda jikoni nikacheka mpaka machozi. Nilidhani sasa atawaendea wanawake wale awaombe radhi, watafute njia pamoja. Thubutu! Alihamisha nyumba. Akajenga juu kilimani, mbali na wakwe zake, na sisi wake akatubeba. Kisima kikabaki palepale, na wa mbali wakabaki mbali.

Asubuhi ya kwanza kule juu alitoka nje bila woga, akanyoosha miguu juani.

"Awor," akaniita, "maji ya kuoga."

Nikashuka na mtungi. Kile kilima, jamani, kinakula magoti. Kisimani nikamkuta mama ameketi, akanisogezea nafasi kando yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ukifika, pumzika."