Woga wa Mafundi wa Zamani

Baba aliacha kuunda boti masikio yalipoanza kumgomea. Mimi, bintiye wa pekee, nazikagua: mtu akitaka kununua boti ya matanga, naigonga bodi yote kwa kinyundo cha plastiki, nasikiliza. Ikijibu kavu ni nzima. Ikijibu butu, kuna ugonjwa ndani.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na mbili za kuchagua, zote zimepandishwa nchi kavu. Moja ya miaka mitatu. Nyingine ya miaka arobaini, mkono wa baba. Nikamchukua mzee wangu twende naye. Nyumbani alikuwa anabishana na redio asiyoisikia.

Mwalimu akamuuliza kwa sauti ya juu ipi ngumu zaidi. Nilidhani baba atajipigia debe. Wapi. Akaeleza kwamba enzi zao faibaglasi ilikuwa ngeni, hawakuijua nguvu yake, basi wakabandika tabaka juu ya tabaka.

"Ule unene si ujuzi, mwalimu. Ni woga."

Hizi mpya, akasema, ni nyembamba lakini zimepigiwa hesabu. Zimenenepeshwa panapobeba uzito tu. Ila ukigonga mwamba, ya woga inakusamehe.

Na ile mpya ilikuwa imegonga. Nilikuta ufa kama unywele pale mkuku, uti wa chini ya boti, unaposhikana na bodi, mahali pabaya kuliko pote. Ya baba ilijibu vizuri kutoka mbele, hadi karibu na usukani. Hapo sauti ikafa. Nikarudia, ikafa tena.

Baba hakusikia, ila alikuwa ananisoma uso. Akaja, akaweka kiganja, akaniambia nigonge tena.

"Hapa nililipua kazi," akasema. "Mama yako alikuwa leba. Andika, mwanangu."

Nikamwambia ni padogo, panatengenezeka.

"Andika kwanza."

Mwalimu alisoma ripoti, akachagua ya zamani, kwa sharti tuitengeneze wenyewe. Nilikwangua, baba akakoroga gundi. Siku ya nne akanisimulia nisilowahi kusikia: kwamba alifika hospitali mikono imeganda gundi, muuguzi akamkataza kunishika mpaka itoke. Akasugua, wapi. Mama akasema kutoka kitandani, "Mpeni hivyo hivyo. Ndiyo mikono yake."

Akacheka peke yake, akaendelea kukoroga.