Taa Juu ya Kofia ya Mzee Msabah

Mume wangu Msabah alipoanza kulisahau jina la mtoto wetu wa mwisho, nikaambiwa kuna chumba cha taa Mkunazini, juu ya duka la vitambaa, wanatibu ubongo. Nikampeleka. Nilichokuwa nnakiogopa ni kimoja tu, asije akanisahau na mimi.

Mwenye taa anaitwa Sabri, kijana wa koti jeupe lenye kola iliyofanya weusi kwa jasho. Alitutolea kitu mfano wa beseni, ndani kina taa ndogo ndogo na kimetandikwa sponji. Sponji lile lilikuwa jeupe siku zake. Sasa lilikuwa rangi ya chai ya maziwa, limenata mafuta ya nazi ya vichwa vya watu, na unywele mmoja wa hina umegandia pembeni. Lilinuka kama mto wa mgonjwa.

"Vua kofia, mzee wangu," Sabri akamwambia.

"Mimi? Mbele ya wake za watu?" Msabah akauliza, maana kwenye benchi tulikaa wanawake wanne na waume zetu.

Mzee akikataa kuvua kofia, kwetu hakazaniwi. Kila mtu akatazama chini.

"Basi akae nayo," Sabri akasema. "Kofia za viua zina matundu. Mwanga utapita humo humo."

Kofia ile nimeishona mimi. Kila tundu nalijua, sindano yenyewe hupita kwa taabu. Na bado nikaitikia. Tena akaniambia vidonge vya presha niviweke kando, vinapigana na mwanga. Nikaviweka.

Wiki ya tatu mjukuu wangu Bashira, anayesomea mambo ya seli, akavikuta vidonge mtotoni mwa meza, havijaguswa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bibi, leo nnakwenda na nyinyi."

Tulipofika, Msabah akavikwa beseni. Bashira akachungulia.

"Mbona taa za buluu?"

"Nyekundu zimeungua, dada. Mwanga ni mwanga."

"Si mwanga ni mwanga." Akanigeukia. "Bibi, kila seli ya ubongo ina majiko madogo yanayoipikia nguvu, yanaitwa mitokondria. Jiko halikosi moshi. Moshi ukizidi, unaila seli yenyewe. Watu wamemulika seli kwenye visahani vya maabara. Kwa mwanga mwekundu, wengine wameona majiko yanachangamka. Kwa wa buluu, wameona moshi unaongezeka. Na hivyo ni visahani, si kichwa cha babu."

Nikatia mkono chini ya beseni, vidole vikazama kwenye sponji, laini na vuguvugu kama ulimi wa ng'ombe. Nikainua ukingo wa kofia, nikainama kutazama. Ndani kiza. Wiki tatu tumeimulikia kofia.

"Ulijua mwanga haupiti?" nikamuuliza Sabri.

"Watu wanataka kufanyiwa kitu, Bi Salhiya," akajibu, huku anajichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

Nikamwinua mume wangu. Bi Kidawa, mwenzangu wa benchi, alikuwa anafuatia na mumewe. Nikamnong'oneza yote, na la vidonge pia.

"Wangu mimi huvua kofia," akasema, akasogea kukaa mahali petu.

Kituo cha afya walimpima Msabah presha, wakaikuta imepanda sana. Muuguzi akasema vidonge vianze leo, na kesho tumrejeshe kwa daktari.

Nyumbani nikanawa kwa sabuni ya kufulia, nikanawa kwa ndimu, nikanawa tena. Nikamtilia kidonge kinywani. Akaushika mkono wangu, akaunusa, akakunja uso.

"Salhiya," akasema, "mkono wako unanuka."

"Unanuka," nikamjibu. "Meza."