Valvu ya Mbalizi

Isakwisa alikuwa fundi redio wa kuaminika Mbeya nzima, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi. Mwaka 1957 wamisionari walimkabidhi redio ya zahanati yao ya mlimani, ile ya kumwitia daktari aliyekaa mjini, mwendo wa saa sita kwa miguu. Mvua za Machi zilipokolea, valvu moja ikafa. Valvu ni kichupa cha kioo chenye waya unaowaka ndani. Ikifa hiyo, redio inabaki sanduku tu.

Valvu halisi ilikuwa ya kuagiza Dar es Salaam na kuingoja miezi miwili. Isakwisa akapata moja sokoni Mbalizi, kwa mtu wa rika lake, waliyechunga naye ng'ombe utotoni. Kwa kawaida kila valvu mpya aliilowesha na kuisugua kwa kidole gumba, maana wajanja walichukua valvu kuukuu, wakaipaka maandishi mapya yanayofutika kwa maji na kuitia kwenye boksi jipya. Siku ile hakusugua. Angesuguaje mbele ya mwenzake wa rika, kana kwamba amemwita mwizi? Akalipa, akaenda kuifunga, redio ikaongea, akapewa chai.

Aliyefagia zahanati ile alikuwa Atuganile, mke wa mwanawe Jailos. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Mkamwana akimwona njiani huingia kichakani mpaka apite. Wengi kanisani walikuwa wameanza kulegeza, lakini Isakwisa hakulegeza kitu. Miaka miwili waliishi ua mmoja na hakuijua sura yake.

Wiki ile ile Atuganile alipangusa vumbi kwenye redio, hadi kwenye valvu zilizo wazi nyuma yake, na sehemu ya maandishi ya ile valvu mpya ikabaki kwenye kitambaa chake kibichi. Nyumbani kila mtu alijua maana yake, kwa vile Isakwisa alikuwa hachoki kukisifia kidole gumba chake. Akamwambia mama mkwe wake, Damari, naye akamfikishia mumewe wakati wa kula.

"Baba Jailos, mkamwana wako anasema ile valvu maandishi yanatoka."

"Tangu lini mkamwana akamkagua baba mkwe?" Isakwisa akarudisha tonge sahanini. "Mwambie ashike ufagio wake."

Hapo ndipo ninapomkasirikia mtu huyu, na sifichi. Alijua. Lakini kwenda kuichomoa valvu ile kulikuwa kukiri kwamba mwanamke asiyeruhusiwa hata kumtazama ameona alichokosa yeye. Hakwenda. Na Atuganile hakumwambia nesi, kwani kumwaibisha baba mkwe mbele ya watu kulikuwa kubaya kuliko kumtazama.

Wiki ya tatu Atuganile, mimba yake ikiwa imetimia, akashikwa na uchungu pale zahanati. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima. Damu ya mama haikukoma. Nesi Evarista akawasha redio ili amwite daktari. Valvu haikuwaka. Akajaribu tena na tena, huku akilia, kisha akamtuma mtu kwa baiskeli kwenye matope yale. Daktari alifika saa kumi jioni. Atuganile alikuwa amekata roho saa saba mchana.

Jailos alirudi kutoka machimbo ya Chunya, akamkuta mkewe kwenye jeneza. Waombolezaji walimpa pole baba yake, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Isakwisa alikuwa ametoka zahanati muda si mrefu. Valvu ilikuwa mfukoni, na rangi ya maandishi yake ilikuwa imemganda kidoleni.

Alipita katikati ya wanawake, mahali ambapo baba mkwe hakanyagi. Damari akamshika koti. Akautoa mkono wake taratibu, akasimama mbele ya jeneza lililokuwa bado wazi, akamtazama marehemu. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho. Alikuwa mtoto tu, wa miaka kumi na tisa. Isakwisa akaona uchungu ambao hakuwahi kuuona maishani mwake.

"Atuganile," akasema, na jina hilo hakuwahi kulitamka. "Ulisema kweli. Valvu ilikuwa mbovu, nikaambiwa, nikakataa kusikia. Watu wasimsingizie Mungu."

Jailos akainuka, akampokea binti yake mchanga kutoka mikononi mwa nesi, akaondoka naye kwenda kwa wazazi wa Atuganile. Isakwisa hakuomba hata kumwona mtoto.